Kigodoro Kilichoteleza

Mgongo ulianza kuniuma mwishoni mwa kusi, nami nikaulaumu ushonaji. Nashona mapazia na mashuka katika kiduka chetu cha Makadara. Upande mmoja charahani yangu, upande wa pili meza ya mume wangu Athman, fundi wa saa. Mtu aliyekaa kwenye kigoda miaka ishirini na mitano akiinamia kitambaa hana haki ya kustaajabu mgongo ukimuuma. Nikajichua mafuta, nikajifunga leso kiunoni, nikaendelea na kazi. Mvua za vuli zilipoingia, miguu ikawa mizito. Alasiri moja nilitoka dukani nikatembea hadi nyumbani Kuze, na nilipofika mlangoni binti yangu Rukia akaniuliza ndara yangu ya pili iko wapi. Nikatazama chini. Mguu mmoja ulikuwa mtupu, mweusi kwa matope ya uchochoroni, umekanyaga sijui nini na nini, na mimi sikuhisi kitu.

Naandika haya baada ya mwaka na miezi kupita, nikiwa naweza kukaa, kusimama na kwenda chooni peke yangu. Sitasema mambo ya kidaktari, siyajui. Nataka kusema lile ambalo mimi sikuambiwa na mtu: kwamba ugonjwa wenyewe haukukaribia kunimaliza kama jambo dogo la kitandani, sponji iliyokuwa ikiteleza. Tena nataka kusema kwamba ugonjwa unachukiza. Watu hupenda kusimulia juu ya wagonjwa wenye subira, nyuso zao zina nuru. Mimi sikuwa na nuru. Nilikuwa na kinyaa, tangu vuli hadi kusi iliyofuata, kwanza kinyaa cha mwili wangu, kisha cha watu.

Hospitalini tulikaa benchi siku nne mbalimbali. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta, na pale vichwa vya watu vilipoegemea palikuwa na mstari mrefu mweusi, mafuta ya nywele na jasho la miaka. Sikutaka kuegemea, lakini mgongo haukuniruhusu kukaa bila kuegemea. Nikaegemea. Mzee aliyekaa karibu yangu alikuwa akitema ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, na kila akitema aliuchungulia. Choo kilikuwa kimefurika hadi kizingitini, watu wakivuka kwa kukanyaga matofali mawili yaliyokuwa yakicheza. Nilimwambia Rukia nikipona sitii mguu tena mahali hapa. Akanijibu tuombe kwanza huo mguu urudi.

Siku ya nne daktari, kijana mpole aliyezungumza polepole, alituonyesha picha. Kifua kikuu, akasema, ila si cha kifua. Kimeingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo, na usaha umekusanyika ukabana mishipa iendayo miguuni. Dawa mwaka mzima. Mkanda mgumu wa kushika mgongo. Kulala chali au ubavu, kugeuzwa mwili wote kwa pamoja kama gogo, na kutokaa kitako mpaka yeye aseme. Rukia aliuliza kama unaambukiza, akaambiwa huo wa mifupa haumrukii mtu. Wifi yangu Maimuna, dada yake Athman, aliambiwa maneno hayo hayo siku ile ile, na bado kikombe changu kilitengwa dirishani peke yake, kimefunikwa kisahani.

Zile dawa za mwanzo ziligeuza mkojo wangu ukawa rangi ya zafarani iliyokolea. Tuliambiwa mapema, lakini kuambiwa na kuona ni mambo mawili. Jasho nalo likatia manjano kwenye kwapa za kanzu yangu, na siku moja nililia nikaona alama ya rangi ile ile kwenye foronya. Nikasema basi, hata machozi yangu yameoza.

Nililazwa chumba cha chini, kwa sababu ngazi zetu za Kuze ni nyembamba na wima, hata mtu mzima hupanda kwa kushika kamba. Chumba kile kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Kaskazi ikaingia na joto lake. Kutoka kiunoni kwenda chini sikuwa na habari na mwili wangu. Haja ndogo ilitoka ilipotaka, na Rukia akanivisha nepi kama mtoto. Ili godoro lisiharibike, Maimuna alilifunika lote kwa nailoni nzito, ile ya kufunikia meza, akaikunja chini ya kingo na kuivuta ikakaza. Alifanya kazi nzuri. Godoro lilisalimika.

Haikupita hata wiki mbili Rukia akaona wekundu chini ya mgongo, pale mfupa wa mwisho unapojitokeza. Akaenda mjini akarudi na kigodoro cha sponji, chembamba, chenye vinundu kama trei ya mayai, kinachotandikwa juu ya godoro kubwa ili mwili usigandamizwe mahali pamoja. Wakakilaza juu ya nailoni, wakatandika shuka, wakanilaza. Siku ya kwanza nililia kwa raha. Nilimwombea dua mwanangu na wote atakaowazaa.

Siku ya pili kilianza kuondoka.

Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hajalala hivyo. Kila waliponigeuza, kigodoro kilisogea kidole kimoja. Kila nilipojivuta kwa mikono ili nifikie maji, kilisogea viwili. Rukia alikuwa amenipangia mito mitatu kichwani nipate kuona mlango, kwa hivyo mwili wangu wenyewe ulikuwa ukishuka bondeni mchana kutwa, na kigodoro kikishuka nao. Ikifika adhuhuri, visigino vyangu vimetoka kwenye sponji viko juu ya nailoni, na mabega yameingia kwenye pengo lililobaki upande wa kichwani. Rukia akirudi kutoka kazini kwake, shule ya chekechea kule Tononoka, alikuta mama yake amekunjika upande kama nguo iliyoanguka kambani. Alinishika chini ya kwapa akanivuta juu. Mimi nikaenda juu, kigodoro kikabaki, tukakivuta nacho. Tulifanya hivyo mara nne, mara tano kwa siku. Hatukujua kwamba kila tulipovuta tulikuwa tukinichuna.

Kati ya sponji na nailoni kulikuwa na maji. Siku Rukia alipoinua pembe ya kigodoro ili apasafishe, alirudi nyuma hatua mbili. Jasho langu na mkojo wangu vilikuwa vimepita kwenye sponji vikasimama juu ya nailoni, havina pa kwenda, na upande wa chini wa kigodoro ulikuwa umeota madoadoa meusi ya ukungu. Niliuona kwa pembe ya jicho. Nilikuwa nalalia kinamasi changu mwenyewe.

Tukajaribu kukizuia. Kwanza pini. Maimuna alibana kigodoro na shuka na godoro kwa pini kubwa nane. Siku ya tatu moja ilifunguka ikaniingia pajani, na kwa kuwa sikuhisi, ilikaa humo hadi Rukia alipoona damu kwenye shuka. Tukatoa pini. Kisha kamba za katani, zilizopitishwa juu ya kigodoro na kufungwa chini ya kitanda. Zikaniacha na alama mgongoni, na kigodoro kikateleza hivyo hivyo chini ya kamba. Kisha jirani mmoja akashauri ule utepe wenye gundi pande mbili. Kwa siku mbili ulishika. Lakini kaskazi ni kaskazi. Joto la chumba likaiyeyusha gundi ikawa uji wa kahawia wenye nywele na vumbi, ikanata kwenye shuka, ikanata kwenye mkono wa Rukia, na asubuhi ya siku ya nne wakaja sisimizi.

Sisimizi hao sitawasahau. Mstari mwembamba ulitoka kwenye ufa wa ukuta, ukapanda mguu wa kitanda, ukafuata utepe. Sikuhisi chochote. Nililala nikiwatazama wakiingia chini ya kiuno changu upande mmoja, nikajua walichokifuata si gundi peke yake. Niliita. Hapakuwa na mtu. Nilikaa nao hadi Rukia aliporudi, na aliponigeuza akatoka mbio akaleta beseni la maji na mafuta ya taa.

Maana kidonda kilikuwa kimeshafunguka. Kwanza wekundu, kisha lengelenge, kisha ngozi ikachubuka, kisha ikaja rangi nyeusi katikati, na ule weusi ulipobanduka kukabaki shimo. Mimi sikuwa nimekiona. Nilimlazimisha Rukia anipige picha kwa simu. Alikataa, nikamwambia mgongo ni wangu. Alinionyesha akiwa amegeuza uso. Niliona kitu kama mdomo wa mnyama, kingo za kijivu, ndani manjano, na utando umening'inia. Nikatapika juu ya leso iliyokuwa kifuani mwangu. Halafu nikaomba nione tena.

Harufu yake ilikuwa tamu. Watu hudhani uozo una harufu kali tu. Huu ulikuwa na utamu wa embe lililoiva likapita, na nyuma ya utamu ule kitu kingine kinachokwenda moja kwa moja tumboni. Ilikuwa ndani ya nywele zangu, ndani ya chakula changu. Maimuna alianza kuja na chetezo. Alifukiza udi mlangoni, akafukiza chini ya kitanda, mpaka chumba kikajaa moshi nami nikakohoa na mgongo ukaniuma. Udi ninaupenda, nimefukizwa nao nikiwa bibi harusi. Ulipochanganyika na harufu ile, ulitoka kitu kibaya kuliko vyote viwili. Wageni walikuja kunitazama kwa makundi, wakaketi karibu na mlango, wakanisomea, wakasema hujambo leo, uso umerudi, huku kila mmoja ameshika ukingo wa mtandio puani. Niliwachukia. Nilichukia vidole vyao vyenye hina na pua zao safi. Niliitikia Alhamdulillahi, nikawahesabu wanavyokatisha kikao.

Na Athman. Tumeoana miaka ishirini na tisa. Mwanzoni aliingia kila alipotoka dukani, akakaa kitako, akanieleza nani kaleta saa gani. Kisha akawa anasimama. Kisha akawa anasalimia kutoka ukumbini, akiuliza kama nimekula. Siku moja kabla ya Ramadhani nilimwita kwa jina, akaja hadi kizingitini akasimama pale, mkono juu ya mwimo wa mlango.

Nikamwambia aje anivutie kigodoro, Rukia hajarudi na miguu yangu imetoka.

"Zuhura," akasema, "mimi siwezi."

"Huwezi kuvuta sponji?"

"Kuingia humo. Nimejaribu. Roho yanichafuka." Alikuwa akitazama sakafu. "Si wewe. Wallahi si wewe."

Nikamwuliza kama si mimi ni nani mwingine aliyelala humu. Akaenda akamwita dadake, naye Maimuna akaja na chetezo.

Niliona chuki kwa mume wangu siku ile kama ninavyoona kidole changu. Nasema hivi kwa sababu najua wapo wanaosoma na wanaona haya kwa kuchukia watu wanaowalisha. Mimi nilimchukia, na jioni nikala chakula alichokileta.

Aliyetuokoa alikuwa bibi wa mwanafunzi mmoja wa Rukia. Tukimwita Sista Kasyoka. Mkamba, mumewe alifanya kazi reli, naye mwenyewe alikuwa muuguzi mpaka alipostaafu, sasa anakaa Tononoka na wajukuu. Rukia alianza kulia mbele yake shuleni, bila kukusudia, na wiki ya kwanza ya mfungo mama huyo akaja Kuze kwa miguu na mkoba wa plastiki wenye shashi na maji ya chumvi. Alivua viatu, akaniamkia vizuri, akauliza jina langu la nyumbani. Kisha akanigeuza ubavu na kuinamisha uso wake hadi karibu na kidonda, kiasi cha kukinusa, akakinusa. Tangu kianze hakuna mtu aliyekuwa ameleta uso wake karibu hivyo. Alisema kuna uchafu wa kutolewa, na akautoa kwa mkasi mdogo, nami nikisikia mkasi tu.

Alipomaliza akaingiza mkono wake chini ya kigodoro, akausukuma mbele na nyuma, kikaenda na kurudi juu ya nailoni kama kinaelea. Akainua mkono ukiwa umelowa.

"Mama Rukia, nani aliweka nailoni hapa katikati?"

Nikamwambia ni wifi yangu, kwa ajili ya kulilinda godoro.

"Godoro limelindwa kweli," akasema. "Sikiliza. Kidonda hiki hakikuletwa na kulala peke yake. Kimeletwa na kuburutwa. Hiki kikiteleza, mfupa unakwenda nacho, ngozi inabaki imenata kwenye shuka. Inachanika kutoka ndani. Mimi naweza kuosha hapa hadi Krismasi. Bila kukizuia hiki kisitembee, kitafika mfupani. Na mfupa wako tayari una mgeni."

Akaondoa mito miwili kati ya mitatu, nikabaki natazama dari. Akamwambia Rukia kwamba tangu leo hakuna kunivuta. Watu wawili wanishike na shuka nene chini yangu, waninyanyue. Kile kigodoro cha zamani kikatupwa siku hiyo hiyo, na aliyekibeba ni Rukia, akiwa amekifunga kwenye mifuko miwili ya takataka.

Rukia akanunua kingine, na kuhusu hicho kipya nilitumia akili yangu kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Nilikuwa nimelala pale kama mzigo nikisahau kwamba kazi yangu ni kuzuia vitambaa visiteleze. Sponji haishiki uzi. Ukiishona yenyewe inakatika kama mkate. Lazima ivishwe mfuko, na mfuko ndio ushonwe mikanda. Nilimweleza Rukia: bafta nene iliyooshwa, si kitambaa cha kung'aa, mkanda mpana wa lastiki kila pembe, unaopita chini ya godoro kubwa na kukutana na mwenzake wa pembe ya pili, na mingine miwili ubavuni, chini vilevile, wala usipite juu mahali popote mwili unapolala. Chini ya kigodoro kuwe na kile kiwavu cha mpira ambacho wauza mazulia hukiweka chini ya zulia lisiteleze kwenye vigae. Nailoni iondoke katikati. Ikatwe kipande kidogo, kiwekwe juu, chini ya shuka, mahali pa kiuno tu.

Rukia alielewa yote, lakini hajui kuendesha charahani. Nilimfukuza kwenye charahani mwenyewe alipokuwa mdogo, nikitaka asome. Maimuna macho hayaoni tundu la sindano. Nikasema tumpe fundi mwingine. Rukia akasema babake ameshachukua vipimo.

Ndivyo ilivyokuwa. Athman alikaa kwenye kigoda changu kule Makadara kwa siku tatu, amefunga meza yake ya saa. Aliniuliza maswali kupitia kwa Rukia: mshono wa kwenda na kurudi huanzia wapi, lastiki ivutwe kiasi gani kabla ya kushonwa. Nami nikamjibu kupitia kwa Rukia. Hatukuwa tumezungumza tangu siku ya kizingitini. Mfuko ulipoletwa niliupapasa. Kushona kwake kulikuwa kudogo sana, punje kwa punje, kushona kwa mtu aliyezoea kushika skrubu za saa. Mimi ningemaliza kazi ile kwa saa mbili, na isingekuwa imara hivyo.

Kuufunga kulihitaji mtu wa kunyanyua godoro kubwa, na mwenye nguvu nyumbani ni yeye. Akaja baada ya swala ya alasiri. Aliingia chumbani na vipande viwili vya pamba ndani ya pua, vimejitokeza kama meno ya ngiri. Sista Kasyoka alimtazama tu. Mimi nilisema.

"Umeziba pua kama unayeosha maiti."

"Nimeziba," akasema kwa sauti ya mtu mwenye mafua. "Nisipoziba sitamaliza. Sasa wataka nini, nizibe nimalize, au nisizibe nitoke?"

Nikaipapasa tena ile mishono yake midogo.

"Maliza," nikamwambia.

Wakaninyanyua, yeye na Rukia na Sista, wakanihamishia kwenye mkeka. Nikiwa sakafuni nilimwona akipiga magoti, akipitisha mikanda chini ya godoro, akiifunga, akijaribu kukisukuma kigodoro kwa viganja viwili kwa uzito wake wote. Hakikwenda. Akasukuma kutoka upande wa pili. Jasho lilimtoka hadi pamba moja ikalowa ikaanguka juu ya shuka safi, naye akaiokota haraka, akageuza uso, akakimbilia uani. Tulimsikia. Kisha akarudi bila pamba, amekunja uso, akasaidia kunilaza. Hakukaa. Lakini kuanzia siku ile, kila alasiri akitoka dukani alikuja akakagua mikanda minne ya pembe, mmoja baada ya mwingine, pumzi ameizuia, kisha akatoka nje akavuta hewa. Tulibaki hivyo. Hakuwahi kuosha kidonda changu, wala sikumwomba. Sisemi nilimsamehe palepale. Nilikuwa namsikia anavyobana pumzi na bado inaniuma, lakini kigodoro hakikutembea tena.

Idi ilipita nikiwa chali. Masika ikaja, chumba kikaota unyevu, na Sista alikuja mara tatu kwa wiki akiwa amelowa hadi magotini. Kidonda kiliacha kwanza ule utamu. Kisha kingo zikawa nyekundu, na akasema wekundu huu ndio mzuri, huu ni nyama mpya. Zile dawa za miezi miwili ya mwanzo zilikuwa zimeshabadilishwa, zimebaki mbili tu, na mkojo bado wa zafarani. Mwishoni mwa masika kidole gumba cha mguu wa kulia kilisogea. Nilidhani ni panya chini ya shuka, nikamwita Rukia kwa hasira amwondoe. Akafunua. Tukakitazama kikisogea tena, sisi wawili tukiwa tumeduwaa, kidole chenye ukucha mrefu wa manjano na gamba la ngozi iliyokufa. Kilikuwa kibaya kweli. Tulikibusu.

Kusi ilipotulia nilivishwa mkanda nikakalishwa. Nikaona nyota, nikarudishwa. Kesho yake tena. Nikafika mlangoni kwa kigari cha kusukuma, nikafika kwenye bomba la uani, nikafika uchochoroni. Kidonda kilijifunga baada ya miezi mitano na kikaacha bonde ambalo ngumi ya mtoto yaingia. Mwaka wa dawa uliisha mwanzo wa vuli nyingine, na Athman amerudi kulala chumba kimoja nami. Maimuna hadi leo ananiletea chai katika kikombe kile kile.

Mwezi uliopita Sista Kasyoka alinijia dukani. Akaniambia kuna mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Mwongeli, karani katika ofisi moja karibu na bandari, aliangushwa na pikipiki, na sasa hasogezi miguu. Yuko kwa mamake Tononoka, amelazwa juu ya kigodoro kama changu, nacho kinateleza, na kidonda kimeshafunguka. Aliniomba nimshonee mfuko. Nikaushona kwa saa mbili, nikasema nitaupeleka mwenyewe. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilipanda tuktuk na Sista, fimbo yangu mkononi, nikiwa nimepanga maneno.

Mamake alitufungulia. Mlango wa chumba ulipofunguka harufu ilinipiga. Nilikuwa nikijua ni ipi, nilikuwa nimelala nayo miezi. Kumbe nilichozoea ni yangu. Hii ilikuwa ya mtu mwingine, na mwili wangu haukuuliza nimepitia nini. Mwongeli aligeuza kichwa akanitazama, binti mzuri, nywele zimesukwa vizuri, na mimi nikaona kinywa kimejaa mate. Nikageuka. Nilitoka nikapita jikoni, nikafika kwenye mfereji wa nje, nikashika ukuta, nikatapika chai na mahamri yote ya asubuhi. Nilibaki pale nimeinama. Nilitaka kwenda nyumbani. Nitasema ukweli: kwa dakika chache nilimchukia yule mgonjwa kwa kunuka kwake, mimi, na nikaanza kutafuta sababu ya kumwambia Sista, kwamba mgongo umenikamata. Mgongo haukuwa na neno.

Nikasukutua kwa maji ya bomba, nikaosha uso, nikarudi ndani. Mwongeli alikuwa ametazama ukuta.

"Hata wewe umetoka," akasema. "Walisema wewe ulikuwa hivi."

"Nilitoka kutapika," nikamwambia. "Nimemaliza. Sasa nimerudi."

Akageuza kichwa. Alinitazama akinipima kama nasema kweli, na mate yalikuwa yakinijaa tena, nikayameza. Nikaiegemeza fimbo ukutani, nikakunjua ule mfuko kitandani karibu na mkono wake ili auone. Nikamwonyesha mikanda na mahali inapopita. Mamake na Sista wakashika shuka upande mmoja.

"Ukihesabiwa tatu, jikaze mabega," nikamwambia. "Tutakunyanyua, hatutakuvuta."

Akauliza kama itauma.

"Hapo pa kidonda hutahisi. Huku juu, ndiyo."

Akashika mkono wangu, si kwa upendo, kwa kutafuta pa kushika, kucha zake zikaniingia. Nikahesabu.